Boti ya Matanga Iliyotumika: Tuanzie Ngamani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Hiki nilichoshika ni kivali kidogo, yaani vali ya kufungia tundu la maji kwenye mwili wa boti. Kilikuwa chini ya sinki la boti ya matanga ambayo nilibakiza kidogo tu niinunue. Kwa nje kina ukijani, kama shaba yoyote iliyozoea maji ya chumvi. Mwenye boti akiwa amesimama kando yangu, nikaomba ruhusa, nikakikwaruza kwa ncha ya kisu. Mchanganyiko wa shaba na zinki ukiwa mzima, chini ya ukijani ule hung'aa manjano. Hapa nikakuta rangi ya waridi. Maana yake zinki ilishaliwa na chumvi, kikabaki kiunzi cha shaba kilichojaa vitundu kama sifongo. Nikakibana shingo kwa koleo, nikapinda kidogo tu, kikakatika. Bahati boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu. Ingekuwa majini, bahari ingeingia kupitia tundu la upana wa kidole gumba, na kwa tundu la namna hiyo lililo chini ya mstari wa maji, mtu mmoja na ndoo hawezi kufua maji kwa muda mrefu.

Boti hiyohiyo ilikuwa na skrini mpya ya ramani, paneli za sola, mito ya viti iliyoshonwa upya na jiko linalong'aa. Fedha zote zilikwenda kwenye vitu ambavyo jicho la mnunuzi hukutana navyo kwanza. Wahenga walisema: waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngamani ni chini kabisa ndani yake. Mimi nimejifunza kuanzia hukohuko ngamani, nikashika tochi na kupiga magoti, kabla sijaangalia kitu kingine chochote.

Ninalotaka tukubaliane leo ni hili. Vifaa vya boti hubadilishwa: betri, injini, matanga, nyaya za mlingoti, hata usukani. Umbo la boti, uzito wake, mkuku wake, yaani uti wa chini wa boti, na mahali farumi, ule uzito wa kuizuia isipinduke, ilipolala havibadiliki. Ukinunua boti iliyotumika unanunua hivyo hasa, na bei ya vifaa ni ya kujadili.

Nitatumia boti moja kama mfano, kwa sababu historia yake inajulikana. Ni Contessa 32, iliyochorwa na David Sadler na kuundwa na Jeremy Rogers huko Lymington, Uingereza, kuanzia mwaka 1971. Ina urefu wa futi 32, yaani mita 9.75, lakini inapoelea, mstari wake wa maji ni futi 24 tu. Upana wake haufiki mita 3. Uzito wake ni tani 4 na ushei, na karibu nusu ya uzito huo ni farumi iliyoko chini kwenye mkuku. Usukani wake umeegemea pezi lililo mbele yake, kwa hiyo gogo linaloelea au kamba ya mtego haliupigi moja kwa moja.

Ukiingia ndani baada ya kutembelea boti za leo za urefu huohuo, utaona umebanwa. Mtu mrefu huinamisha kichwa. Vitanda ni vyembamba na choo ni cha kujikunja. Wapo wanaotoka humo wakitikisa kichwa, na siwalaumu. Anayetaka nyumba ya kulala bandarini na watoto wanne, hii si yake.

Sasa turudi Agosti 1979. Mashindano ya boti za matanga ya Fastnet huanzia Cowes, Uingereza, huzunguka mwamba wa Fastnet kusini mwa Ayalandi na, kwa miaka ile, yalimalizikia Plymouth. Mwaka huo boti 303 zilianza. Usiku wa kuamkia tarehe 14 dhoruba ikawakuta kati ya Uingereza na Ayalandi, na mabaharia 15 wa mashindano wakafa. Katika daraja la boti ndogo kabisa, boti moja tu ilimaliza: Contessa 32 iitwayo Assent. Baadaye Willy Ker aliipeleka boti hiyohiyo mpaka kwenye barafu ya Greenland na Antaktiki.

Kwa nini ilimaliza? Wafanyakazi wake walikuwa mabaharia hodari, hilo tusilisahau. Lakini umbo nalo lilifanya kazi. Boti pana na nyepesi husimama imara sana upepo ukiwa wa kawaida, kwa sababu upana ndio unaoishikilia. Ikishapinduliwa kabisa, upana uleule huishikilia ikiwa kichwa chini. Boti nyembamba yenye farumi nzito chini ni kinyume chake. Huinama mapema, mgeni akaogopa, kisha hugoma kuinama zaidi. Contessa 32 hutaka kurudi juu hata ikiinamishwa zaidi ya digrii 150, yaani mlingoti wake ukiwa umeelekea karibu chini kabisa. Hesabu hiyo hainunuliwi dukani na kufungwa kwa bolti.

Mwendo wake? Mstari wa maji ndio unaoamua. Chukua kipeuo cha pili cha futi za mstari wa maji, zidisha kwa 1.34. Kwa futi 24 unapata kama maili 6.5 za baharini kwa saa, ambazo mabaharia huziita fundo. Huo ni ukomo wa kawaida wa boti nzito, kwani baada ya hapo inapanda wimbi lake yenyewe. Kwa safari ya siku nyingi mimi hupanga fundo 5, yaani maili 120 kwa saa 24, na nikipata zaidi nashukuru. Anayewaambia boti ya aina hii hukimbia fundo 9 siku nzima, mwulizeni mkondo ulikuwa unakwenda wapi.

Inapobisha, yaani inapopanda kuelekea upepo, ndipo utaipenda. Hukata wimbi badala ya kulipiga, na kana, yaani mpini wa usukani, hukaa mkononi kwa vidole viwili. Ila inalowesha: maji huruka juu ya sitaha na kukujaza mapajani. Upepo ukiwa nyuma kabisa, tezi lake jembamba huifanya iende mrama, na vikombe vyote huhama rafu.

Katika majaribio, usikubali kuzungushwa nusu saa kwa upepo mwanana. Tweka matanga yote, bisha, kisha legeza kana kidogo uone. Boti yenye mizani nzuri hugeuka taratibu kuelekea upepo. Ikikuvuta mabega, kwanza tazama tanga kuu. Tanga lililochoka hulegea na kujaa tumbo nyuma, likaiinamisha boti badala ya kuisukuma. Nimeona watu wakiikataa boti njema kwa kosa la tanga la miaka ishirini. Halafu jaribu kuituliza: tanga la mbele livutwe upande wa upepo, kana isukumwe upande wa pili. Boti nzito yenye mkuku wa kutosha hutulia, ikasogea polepole kama bata, na mtu akapata kupika na kulala. Kwangu hilo lina thamani kuliko fundo moja la ziada.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Nyaya za mlingoti za chuma cha pua, wengi hushauri zibadilishwe kila miaka 10 hadi 15. Pitisha karatasi laini juu yake, uzi uliokatika utainasa. Sitaha nyingi za enzi ile zina mbao ya balsa katikati ya tabaka mbili za faiba. Igonge kwa mpini wa bisibisi: penye uzima hulia kwa ukali, penye maji hulia kama boga. Anzia kwenye nguzo za ukingoni na chini ya winchi, maana maji huingilia kwenye matundu ya bolti. Malengelenge ya faiba chini ya boti ukiyatoboa yakatoa maji yenye harufu ya siki, usikimbie. Mara nyingi ni kazi ya kukwangua, kukausha na kupaka upya, inayochukua miezi, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Oili ya injini ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia.

Hapa mezani nimeweka vivali viwili, hiki kilichokatika na kingine kizima kilichokaa majini miaka mingi vilevile. Kwa nje vyote ni kijani. Kisu hiki hapa. Mje mmojammoja mkwaruze, muione tofauti kwa macho yenu.