Nani Alimpa Jembe?

Mhadhara uliotolewa jioni jijini Nairobi mbele ya wanafunzi wa utafiti wa nyanjani

Asanteni. Mliochelewa kwa foleni ya Thika Road njooni mbele, viti vipo. Nimepewa dakika arubaini, kwa hiyo tuingie moja kwa moja Omarakana.

Omarakana ni kijiji katika kisiwa cha Kiriwina, visiwa vya Trobriand, mashariki ya Papua New Guinea. Wengi wenu mlilisoma jina hilo mwaka wa kwanza, mkalijibia mtihani, mkalisahau. Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia Mpolandi aliyezaliwa Kraków mwaka 1884, alipiga hema lake pale katikati ya wenyeji, katika kijiji cha chifu To'uluwa. Mnaijua habari ya kula, ambayo si kula yetu ya mdomo bali mzunguko wao wa kubadilishana zawadi: mikufu ya kombe nyekundu inazunguka visiwani upande mmoja, bangili nyeupe zinazunguka upande wa pili, na heshima ya mtu inasafiri pamoja nazo. Hayo siyarudii. Nataka kuuliza swali ninalowauliza wanafunzi wangu kila mwaka, na nitaendelea kuliuliza mpaka nistaafu: nani alimpa jembe?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa mjini wanaitumia methali hii kama ufagio wa kumfukuzia mgeni. Wanaifasiri vibaya! Anayefukuzwa hapewi jembe, anapewa nauli. Jembe ni la kumwingiza mtu shambani. Siku mbili za kwanza mgeni ameketi mkekani na sinia linaletwa; anajua kile kilichomo siniani, basi. Siku ya tatu anaanza kujua kilitoka wapi, nani aliamka usiku kukitafuta, nani hasemi na nani kwa sababu ya mpaka wa konde. Asiyepewa jembe hubaki katika siku ya pili, hata akikaa miaka.

Sasa, Malinowski alikaa Trobriand karibu miaka miwili, kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918. Vita vya kwanza vilimkuta upande ule wa dunia akiwa raia wa Austria, yaani adui kwa karatasi, lakini serikali ya Australia ilimruhusu aendelee na kazi. Namheshimu kwa dhati. Watafiti wengi kabla yake walikuwa wakikaa kwenye baraza la afisa au la mmisionari, na wenyeji wanaitwa mmoja mmoja kuja kujibu maswali. Yeye alijifunza Kilivila, lugha ya pale, akatembea kijijini asubuhi watu wakipika, wakigombana, wakiwaogesha watoto. Aliandika waziwazi kwamba alikuwa akikosea adabu zao mara kwa mara na ilimbidi ajifunze namna ya kukaa na watu. Tena aliandika kwamba walimwona kama kero isiyoepukika, ila tumbaku aliyowagawia iliipunguza kero hiyo.

Tumbaku. Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Mtu anayelipia ukaaji wake kwa tumbaku anakaribishwa, anajibiwa, anavumiliwa. Jembe bado hajapewa.

Najua mtakachosema. Mwalimu, wewe unamhukumu mzee wa watu ukiwa umeketi Nairobi, umewahi kuwa mgeni kisiwani? Nimewahi. Nilipokuwa nafanya utafiti wa uzamili nilikaa miezi saba Siyu, kisiwani Pate, kule Lamu. Na asiniambie mtu kwamba Siyu ni Kenya na mimi ni Mkenya. Wiki yangu ya kwanza niliulizwa na mzee mmoja msikivu sana, kwa wema kabisa: “Kenya hawajambo?” Mimi mtoto wa Kirinyaga nilikuwa nimetoka ng'ambo kama mgeni mwingine yeyote.

Nilifikia kwa bibi mmoja ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakunipa ruhusa. Nilikuwa na shahada ya Kiswahili. Nilikuwa nasahihisha insha za watu. Siku ya pili au ya tatu, alasiri, bibi ameketi uani chini ya kivuli cha ukuta, akanitazama akasema, “Ndoo, mwanangu.” Nikaenda mbio kisimani. Nikajaza ndoo, nikaileta, nikaitua mbele yake. Akainyoosha mikono yote miwili, akashukuru, akaisogeza karibu, akachota kidogo akanawa vidole. Kisha akapigapiga mkeka, nikakaa. Alasiri yote ile ndoo ilikuwa kando yake, na kila baada ya muda alitia vidole majini.

Walioko hapa wa kutoka Lamu wanatikisa vichwa. Kule njaa ni ndaa, njia ni ndia, na njoo ni ndoo. Bibi alikuwa ameniita nikae naye. Nililijua hilo wiki kadhaa baadaye, niliposikia mama wa jirani akimwita mtoto wake, ndoo, ndoo, na mtoto akaja mikono mitupu. Nilirudi nyumbani uso umeniiva. Nikamuuliza bibi kwa nini hakuniambia. Akajibu kwa maneno mawili: “Ulikuwa mgeni.”

Fikirini uzito wa jambo hilo. Mwanamke yule alikubali kuloweka vidole alasiri nzima ili mimi nisijue kwamba sijui. Alinisitiri. Na daftari langu la siku hiyo, ninalo mpaka leo, limeandikwa: wenyeji huweka maji karibu wanapopumzika alasiri. Niliandika kama utafiti! Ningeondoka wiki ile, desturi hiyo ingekuwa imeingia kwenye tasnifu, na nani angeipinga?

Ndiyo maana nakosa subira na wale wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda Jumatatu, wanapanda boti, wanagawa dodoso, na Alhamisi wako Nairobi na kishkwambi kilichojaa majibu. Wamesitiriwa. Majibu yote yale ni vidole ndani ya maji. Na ripoti zao huanza na maneno “kijiji cha mbali.” Mbali na wapi? Bibi alikuwa anakwenda na kurudi maisha yake yote kati ya nyumba, kisima na konde. Mji uliokuwa mbali ni huu wetu.

Jembe langu nilipewa mwezi wa tatu. Lilikuwa miaa, yale majani ya kusukia mikeka. Wanawake wa Siyu wanasuka ukili kila wakati mikono ikiwa wazi, kisha wanaushona kuwa mikeka, na mimi nilikuwa nikiwahoji huku wanasuka kama vile vidole vyao havina habari yoyote ya kunipa. Siku moja bibi akanitupia fungu la miaa mapajani. Nikajaribu. Akatazama, akasema, “Fumua.” Nikafumua, nikasuka tena. “Fumua.” Sauti kavu, bila mwanangu, bila kunisitiri hata kidogo. Nilitaka kulia, na usiku ule nililala nikijua kwamba nimeacha kuwa mgeni. Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kusikia mkeka huu unakwenda harusi ya nani, nani anadaiwa ukili na nani, ni nani aliyesukiwa mkeka kwa ajili ya msiba kabla msiba haujafika. Miezi miwili nzima mambo hayo yalikuwa yakipita juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo niliposoma kazi ya Annette Weiner nilielewa mara moja. Weiner, Mmarekani, alikwenda Kiriwina mwaka 1971 akakaa Kwaibwaga, si mbali na Omarakana. Siku yake ya kwanza kijijini aliwaona wanawake wakigawana mali katika shughuli ya msiba: vicha vya majani makavu ya mgomba kwa maelfu, na sketi za nyuzi zilizotiwa rangi kwa mamia. Jani linaparwa juu ya ubao wa nakshi, linaanikwa juani, linafungwa kicha. Ukoo kule hufuata mama. Mtu akifa, wanawake wa ukoo wake huwalipa kwa vicha hivyo wote waliomlilia na kumtunza. Vicha vikipungua, mume wa mwanamke lazima atoe mali yake kuvitafuta. Yaani vile viazi vikuu vya wanaume, ambavyo Malinowski alivihesabu kwa bidii na kuviandikia kurasa kwa mamia, vilikuwa vinakwenda kukutana na majani ya wake zao.

Malinowski naye aliviona vicha. Matanga aliyahudhuria na kuyaandika. Majani hakuyapa uzito.

Msiniambie alikuwa mwanamume na mambo ya wanawake yamefichwa. Ugawaji huo hufanywa kiwanjani, mchana, watu wote wanatazama. Hakuna pazia. Tatizo ni kwamba jani kavu mikononi mwa mwanamke linaonekana kama kazi ya kupitishia muda, hasa kwa aliyekuja kutafuta machifu na mitumbwi. Mimi nilikuwa mwanamke, nimeketi katikati ya wanawake, na miaa sikuiona.

Dakika zangu zinakwisha, naona mwenyekiti anainua kidole. Shajara ya Malinowski, iliyochapishwa 1967, miaka 25 baada ya kifo chake: wanafunzi hukimbilia matusi aliyowaandikia wenyeji wake wakasema, kumbe. Matusi yale siyatetei hata moja. Lakini someni pia homa, upweke, na mara ngapi alitoka kijijini kwenda kupumzika kwa mfanyabiashara wa lulu. Hema lilikuwa na mlango wa nyuma. Mwenye jembe hana mlango huo.

Na Kenyatta, ambaye nilikuwa nimempangia robo saa. Alisoma kwa Malinowski London miaka ya 1930, akaandika kuhusu watu wake mwenyewe, kitabu kikatoka 1938 kwa utangulizi wa mwalimu wake. Huyu alizaliwa na jembe mkononi. Kisha akapigwa picha ya kitabu amevaa ngozi na kushika mkuki. Mimi naona pale mwenyeji akiwaandalia London sinia. Wenzangu wa historia hawakubali, na tutabishana wiki ijayo kwa nafasi.

Nimekuja na kitu, kipitisheni kwa mikono, kisikunjwe. Ni ukili wangu wa Siyu, pima tatu na ushei. Mwanzoni hapa umelegea, mtauona. Bibi alinifumulisha mara nne, mara ya tano akauacha, akasema usiku umeingia. Dada wa nyuma mwenye mtandio wa buluu, umenyoosha mkono tangu Omarakana. Uliza.