Doa la Chokaa: Kuisoma na Kuilaza Chupa ya Porti ya Vinteji

Mabibi na mabwana, karibuni. Chupa hii iliyo mbele yenu haina lebo. Mdomoni ina lakiri, na ubavuni ina doa jeupe lililopakwa ovyo. Aghalabu mwenye chupa hudhani ni uchafu, akalisugua. Msilisugue! Doa hilo lina kazi.

Tuanze na kilichomo. Porti ni mvinyo mtamu, nao hutoka bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo lililowekewa mipaka rasmi mwaka 1756. Maji ya zabibu yakiwa katikati ya kuchachuka hutiwa pombe kali ya zabibu, yenye kilevi cha asilimia 77 hivi. Hamira hufa, sukari hubaki, na mvinyo huishia kwenye asilimia 19 hadi 22. Porti ya vinteji ni ya mavuno ya mwaka mmoja. Hukaa ghalani miaka kama miwili, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa. Humo chupani rangi na tanini (ule ukakasi wa maganda ya zabibu) hushikana, huwa nzito, huzama. Baada ya miaka 15 au 20 ubavu wa chini unakuwa umeshika ukoko.

Sasa doa. Ni chokaa, iliyopakwa upande uliotazama juu chupa ilipolazwa ghalani mara ya kwanza. Ikihamishwa kutoka Vila Nova de Gaia, mji wa maghala ya porti huko Ureno, hadi London, au kutoka dukani hadi nyumbani, mpokeaji huilaza tena doa likiwa juu, na mashapo yakarudi yalipokuwa. Ukiigeuza, ukoko hupasuka, chembe huelea kwa muda mrefu, na ukoko mwingine huanza kujijenga upande wa pili. Chupa yenye koko mbili ni taabu kuimimina.

Siku hizi kampuni nyingi za porti zimeacha chokaa, na lebo imeshika nafasi yake: laza lebo ikitazama juu. Je, ukigundua chupa imelala miaka kumi lebo chini? Iache hivyo hivyo. Chora mstari wa chaki upande wa juu, basi.

Jina na mwaka wa chupa isiyo na lebo utavikuta kwenye kizibo, vimechomwa kwa chapa ya moto, na pengine kwenye muhuri wa lakiri. Karatasi huoza kwenye ghala lenye unyevu, kizibo hudumu.

Kuhusu kuhifadhi: nyuzijoto 12 hadi 15, unyevu wa asilimia 70 hivi, giza, na utulivu. Joto linalopanda na kushuka ni baya kuliko joto lililozidi kidogo lakini halibadiliki, kwa sababu mvinyo hutanuka na kusinyaa, kizibo husukumwa, hewa huingia. Dalili zake ni utomvu unaonata shingoni na mvinyo ulioshuka hadi begani mwa chupa. Friji ya jikoni haifai kwa miaka: ni kavu, hutetema, na ubaridi wake umezidi. Chumba cha kawaida Mombasa au Dar es Salaam hakifai kabisa; bila kabati la kupozea mvinyo, nunua ya kunywa, usinunue ya kuzeesha. Na porti yenye kizibo cha kofia ya plastiki, kama tawny nyingi (porti iliyozeeka kwenye mapipa), isimame wima. Haihusiki na haya yote.

Siku ya kufungua, isimamishe wima saa 24 kabla, au 48 ikiwa kuukuu. Kizibo kilichochakaa humong'onyoka kwenye kizibuo, ndiyo maana kuna koleo la porti: lipashwe hadi liwe jekundu, libane shingo chini ya kizibo kwa dakika moja, kisha gusa hapo kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Shingo hukatika safi.

Mimina kwa mkupuo mmoja, doa likiwa juu, mshumaa au tochi ikimulika shingo. Usiirudishe wima katikati. Wimbi litakaloenda na kurudi litavuruga kila kitu. Uzi mweusi wa mashapo ukifika shingoni, simama. Kinachobaki kipitishe kwenye melimeli iliyosuuzwa kwa maji matupu, kwani harufu ya sabuni hung'ang'ania kwenye kitambaa. Porti changa huvumilia siku kadhaa ikishafunguliwa. Ya miaka 40 imalizeni usiku huohuo.