Ghala Chini ya Jembe

Ndugu wasikilizaji, mwaka 1926, katika shamba la Rennibister, visiwani Orkney huko Uskoti, ardhi ilititia chini ya uzito wa mashine ya kupura nafaka. Waliochungulia shimoni walikuta chumba cha mawe, dari yake imebebwa na nguzo nne, na ndani yake mifupa ya watu wazima 6 na watoto wapatao 12.

Mifupa ile ndiyo inayowafanya wengi waseme vyumba hivi vya chini ya ardhi, vinavyoitwa kwa Kiingereza "earth houses" au "souterrains", vilikuwa makaburi. Nawaomba tusikimbilie huko. Vyumba vya namna hii ni kazi ya wakulima wa Enzi ya Chuma, takriban miaka 2,000 iliyopita, na vingi vilivyofukuliwa havikuwa na maiti hata mmoja. Mimi naamini vilikuwa ghala, na kwamba wafu wa Rennibister waliwekwa katika jengo ambalo awali halikukusudiwa wao.

Twendeni kwenye chumba kingine cha namna hii, Ardestie, katika eneo la Angus, Uskoti bara, tutazame sakafu. Kuna ujia mrefu uliopinda, na sakafuni umepita mfereji wa kutolea maji. Aliyehangaika kuutengeneza alikuwa na kitu ambacho hakutaka kilowe. Tena kando yake kuna masalia ya nyumba za kuishi: ghala lilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni.

Ujenzi wenyewe unanistaajabisha kila mara. Walichimba handaki, wakapanga mawe pande zote mbili bila chokaa, kila safu ikiinamia ndani kidogo kuliko ile ya chini yake, hadi juu pakawa pembamba kiasi cha kuzibwa kwa mabamba ya mawe. Kisha wakarudishia udongo. Humo ndani joto halibadiliki sana, kiangazi wala majira ya baridi. Kwa maziwa, jibini na nyama, hiyo ni neema.

Ghala la Carlungie, jirani na Ardestie, liliibuliwa na jembe la kulimia mwaka 1949. Ujia wake unafikia mita 40 hivi. Maghala mengine mengi bado yamefukiwa, na yanaonekana kutoka angani tu. Ukame ukikaza, shayiri iliyo juu ya handaki la kale hubaki kijani wakati shamba zima limeshageuka manjano, kwa sababu udongo uliojaa humo ni wa kina zaidi na hutunza maji. Rubani akipita wiki hiyo, ataona mkunjo wa kijani umelala katikati ya shamba. Mvua ikinyesha, unapotea.