Telekonvata au Lenzi Ndefu: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Mtwara

Ndugu wapiga picha, waandishi wa habari na waongoza watalii, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa karibu kila tunapokutana: mtu mwenye lenzi ya milimita 200 au 300, anayetaka kumfikia ndege au mchezaji aliye mbali zaidi, anunue telekonvata, yaani kile kifaa kifupi chenye vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kuurefusha urefu wake, au ajibane hadi apate lenzi ndefu? Jibu langu nalitoa mapema ili tusizungushane. Itazame kwanza lenzi uliyo nayo, kwa sababu telekonvata haitengenezi picha yake yenyewe. Hukuza ile iliyokwisha kutengenezwa na lenzi iliyo mbele yake, pamoja na kasoro zake zote. Ni kama kuongeza maji kwenye tui: bakuli linajaa, lakini nazi ni ile ile.

Msingi wa jambo hili ni hesabu fupi. Namba ya f, inayoonyesha lenzi inapitisha mwanga kiasi gani, hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) kwa kipenyo cha tundu la mwanga, hivyo lenzi ya milimita 300 yenye f/4 ina tundu la milimita 75. Ukiifungia telekonvata ya 1.4, urefu unakuwa milimita 420 huku tundu likibaki lile lile, basi f/4 inageuka f/5.6 na mwanga unaofika kwenye kihisi, sehemu ya kamera inayonasa picha, unapungua nusu. Telekonvata ya 2 inakupa milimita 600 kwa f/8, na mwanga unabaki robo. Hakuna kampuni inayoweza kuikwepa hesabu hii, hata iandike nini kwenye boksi. Ni hesabu hiyo hiyo inayotueleza kwa nini lenzi ya milimita 600 yenye f/4 ni zigo la kubebwa begani: tundu lake sharti liwe milimita 150.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo Ghuba ya Mnazi, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Asubuhi na mapema, maji yakiwa yamekupwa, huonekana pale ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola, akiwinda kaa kwenye tope. Anapomnyanyua kaa na kumtikisa, unahitaji kasi ya shata ya 1/1000 hivi ili miguu ya kaa ionekane mmoja mmoja. Tuseme mwanga wa saa hiyo, kwa f/4, unakudai ISO 800, ISO ikiwa ni kipimo cha wepesi wa kamera kuuitikia mwanga. Kwa telekonvata ya 1.4 utapanda hadi 1600, na kwa ya 2 utafika 3200, ambako kamera nyingi za bei ya kati huanza kumwaga chembechembe kwenye manyoya meupe, yaani mahali pale pale ulipotaka yaonekane vizuri. Mimi ya 1.4 naikubali bila kusita juu ya lenzi nzuri ya f/4. Ya 2 naikubali juu ya lenzi ya f/2.8 tu, tena iliyo kali kwelikweli.

Huyo mwenye lenzi ya f/2.8 ana faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Fikirini mechi ya saa kumi jioni katika uwanja wa Nangwanda Sijaona. Kipindi cha kwanza jua lipo, na lenzi ya 70-200, yaani zumu inayobadilishwa kutoka milimita 70 hadi 200, yenye telekonvata ya 1.4 inakupa hadi milimita 280 kwa f/4. Kipindi cha pili kivuli kikitambaa uwanjani unaichomoa, na f/2.8 yako inarudi. Aliyenunua lenzi ya 150-600, ambayo ikinyooshwa hadi mwisho huishia f/6.3, hana cha kuchomoa. Hata hivyo nisiwadanganye: kwenye milimita 400, lenzi iliyoundwa kufika huko yenyewe, kwa mfano ya 100-400, kwa kawaida huwa kali zaidi na hushika fokasi haraka kuliko 70-200 yenye telekonvata ya 2.

Kwa wale wanaotoka na boti kutafuta nyangumi wa nundu, wanaopita baharini kwetu kati ya Julai na Novemba hivi, nawashauri zumu ndefu bila kusitasita. Nyangumi huibuka asikotazamiwa, pengine karibu na boti, na mwenye milimita 420 zisizopungua ataambulia kipande cha mkia, ilhali mwenye zumu huirudisha hadi 150 na kumpata mzima. Tena kufungua kamera katikati ya chumvi na mrusho wa maji ili kuondoa telekonvata ni kuialika kutu.

Kuna kazi moja ambayo telekonvata huishinda lenzi ndefu, nayo ni ya karibu. Kwa kuwa haibadilishi umbali wa chini kabisa wa kufokasi, lenzi ya milimita 300 inayokubali mita 1.5 itaendelea kukubali mita 1.5 ikiwa 420. Zumu nyingi za 150-600 hudai mita 2 au 3. Anayepiga picha ya mchonga vinyago, akitaka ncha ya patasi na ubanzi wa mpingo unaomenyeka bila kumsogelea mzee hadi akamziba mwanga, atafurahi.

Joto nalo lina neno lake. Ikifika saa nne asubuhi, hewa juu ya mchanga huanza kutetema, na mtetemo huo hukuzwa pamoja na ndege. Hapo milimita 600 za bei mbaya na za bei nafuu hutoa uji ule ule. Dawa yake ni kumsogelea ndege au kuwahi kurauka.

Kabla hujatoa fedha, jaribu kukata picha. Kamera ya megapikseli 24 ikikatwa kwa kiasi cha telekonvata ya 1.4 inabaki na 12, ambazo zinatosha kuchapa ukurasa wa A4, sembuse picha ya kutazamwa kwenye simu. Ukitaka kukata kwa kiasi cha ile ya 2, zinabaki 6 tu, na hapo ndipo nauona umuhimu wa kununua kitu.

Mwisho ni mwenye 70-300 ya f/5.6, ambaye naona ndiye mwingi humu ukumbini. Telekonvata si yako. Ya 2 itakushusha hadi f/11, ambako kamera nyingi zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR) hushindwa kufokasi zenyewe, maana nyingi zilitengenezewa f/5.6 na baadhi f/8. Kamera mpya zisizo na kioo hicho cha kuakisi hufika mbali zaidi, lakini hata huko soma orodha ya mtengenezaji, kwani telekonvata nyingi zina kioo cha mbele kinachochomoza ambacho kitagonga kioo cha nyuma cha lenzi isiyoandaliwa kukipokea. Vile vya kuskurubu mbele ya lenzi, vinavyouzwa kwa bei ya chee kwa jina hilo hilo, viacheni dukani. Weka akiba, tafuta 150-600 iliyotumika, na siku ya kuikagua ielekeze kwenye taa ukichungulia ndani, kwa kuwa lenzi iliyokaa pwani bila kutunzwa huota ukungu kwenye vioo, na ukungu huo ukishakula rangi ya juu ya kioo haufutiki.