Uwanja wa Farasi Hujengwa Chini ya Mchanga

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie mchanga, ni upi wa kutandaza kwenye uwanja wa kupandia farasi. Nitauzungumzia, lakini si sasa. Kila ninapoitwa kwenye mazizi, iwe Karen, iwe Lang'ata, iwe huko kwenye tambarare za Athi, swali huwa ni mchanga. Na karibu kila mara mwenye shamba ameshaagiza lori la kwanza kabla hajajua maji ya mvua yatapita wapi. Kwa hiyo tunaanza na maji.

Chukueni uwanja kamili wa dresaji, mchezo wa kumwendesha farasi kwa mienendo aliyofunzwa: mita 60 kwa 20. Hizo ni mita za mraba 1,200. Mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, nanyi mnaijua mvua ya Aprili ya Nairobi, uwanja huo umepokea lita 60,000. Zinakwenda wapi? Mtu hunijibu, "Mchanga utayanyonya." Mchanga hauyamalizi maji, unayapitisha tu. Yatashuka mpaka yakutane na kilicho chini yake, na hapo ndipo uwanja wako unapopona au kufa.

Upande wa Ngong na Karen wengi wenu mna udongo mwekundu, nao una subira. Lakini mlio Kitengela, Embakasi na Athi River mmekalia mfinyanzi mweusi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Udongo unaopasua nyumba za mawe utawezaje kubeba uwanja ukabaki sawa?

Kuna shamba moja upande huo sitalitaja. Mwenyewe alinunua mchanga mzuri, ghali, akaumwaga juu ya mfinyanzi ule, akasawazisha kwa reki, akaweka uzio mweupe. Kwa kiangazi kizima watu walikwenda kuusifu. Palikuwa na saisi mzee, mtunza farasi, aliyefanya kazi hapo tangu kabla shamba halijauzwa. Alimwambia bosi wake mapema, "Mzee, hapa maji hulala. Mvua ya vuli, bata huogelea hapa." Hakusikilizwa, kwa sababu mkandarasi alikuwa na ramani na saisi alikuwa na gambuti tu. Mvua za masika zilipoanza, mchanga ulizama kwenye tope na tope likapanda juu ya mchanga. Kwa macho uwanja ulionekana umekauka juu. Farasi jike mmoja akaingia kwa mwendo wa kenta, mbio za wastani, mguu wa mbele ukazama penye ulaini, hatua iliyofuata ikatua pagumu. Kano ikachanika. Jike yule hakurudi tena kwenye kuruka viunzi. Na mchanga wote ule ulichotwa pamoja na tope, ukatupwa.

Naisimulia habari hii kila mahali, na nitaendelea kuisimulia mpaka watu waache kumpuuza saisi. Kabla hujapima chochote, muulize yeye maji hulala wapi.

Kisha fanya hivi. Ondoa udongo mweusi. Ukiwa na kina kirefu mno, inua uwanja kwa moramu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka uwe juu ya ardhi inayouzunguka. Upande wa mlimani chimba mtaro, maji ya shamba yasije kuingia uwanjani kabisa. Toa mteremko wa asilimia moja hadi moja na nusu. Kwenye upana wa mita 20, asilimia moja ni sentimita 20 tu. Aliyepanda hahisi kitu, lakini maji yanaondoka. Juu ya ardhi hiyo laza kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kisha kokoto iliyochanganyika na vumbi la kwari, sentimita 15 baada ya kushindiliwa kwa rola. Kitambaa kinakaa chini ya kokoto. Ukikilaza moja kwa moja chini ya mchanga, kwato itakifikia na kukivuta juu. Halafu ngoja mvua. Tembea juu ya msingi huo wakati unanyesha, na palipo na dimbwi rekebisha sasa, kabla mchanga haujaficha kosa.

Najua mnachowaza. "Babu zetu wapanda farasi walifanyia mazoezi kwenye nyasi." Ndiyo, shamba lote likiwa lao, kila hatua mahali papya. Uwanjani farasi hupita njia ile ile kando ya uzio kila siku. "Ni gharama." Basi jenga mita 40 kwa 20 iliyo na msingi, kuliko 60 isiyo nao. "Ardhi yetu mbaya." Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 farasi walishindana katika bustani ya Greenwich juu ya jukwaa lililoinuliwa kutoka ardhini, mchanga na nyuzi vikatandazwa juu yake. Msingi hutengenezwa.

Sasa mchanga. Chini ya goti mguu wa farasi hauna msuli, ni mfupa na kano. Farasi wa kilo 500 akienda kasi kamili, mguu mmoja wa mbele hubeba zaidi ya tani moja kwa kufumba na kufumbua. Uwanja mgumu unamuumiza viungo, mchanga wenye kina unamvuta kano. Kwa hiyo anza na sentimita tano, mpande juu yake, kisha ongeza kidogo kidogo. Wengi huanza na kumi na tano, na kupunguza ni kazi kuliko kuongeza.

Mchanga wa mto wenye chembe za mviringo huteleza chini ya kwato kama golori. Tafuta wenye chembe zenye pembe, uliooshwa. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, acha ukae hadi kesho. Tope litatulia juu ya mchanga, na likiwa tabaka nene, rudisha lori. Tope hilo ndilo vumbi la Januari. Vumbi la mchanga wa silika huharibu mapafu, na anayelivuta siku nzima ni saisi, si wewe unayekuja Jumamosi. Mwagieni maji uwanja. Hili silisemi kwa upole.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, basi vitu vingine vya kutandaza kwa haraka. Maranda huoza na kuteleza. Mpira wa matairi ni mzuri ukiwa umetolewa nyaya zote, na wauzaji wengi hawazitoi. Kinyesi kiondolewe kila siku, kikisagika kinageuka vumbi. Vuteni haro, ile reki kubwa ya kusawazisha, kila baada ya mazoezi, hasa kando ya uzio. Mwaka 2014 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilipoeleza sifa za uwanja mzuri, kufanana kwake kutoka kona hadi kona kulikuwamo, na haro ndiyo huleta hilo. Uzio na taa sitazifikia.

Waliokuja na chupa za mchanga wazilete hapa mbele. Na masaisi walioketi nyuma, njooni nanyi, nataka kusikia kwenu kwanza.