Kabla hujapanda ndege, jua kinachokupeleka

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania, na majirani wa Kenya pia, karibuni. Niko Leipzig, Ujerumani, nimetoka zamu sasa hivi. Leo nawajibu wadogo zangu mnaoniuliza kila siku: dada, nikija kusomea uuguzi huko, nitaweza?

Mafunzo ni miaka mitatu: saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo, yote kwa Kijerumani. Mwishoni kuna karatasi tatu za kuandika, mtihani wa mdomo, na mtihani wa vitendo mbele ya mgonjwa. Posho ipo, ila ikishakatwa kodi na bima, ukalipa na pango, kinachobaki ni cha kubana matumizi. Zamu ya asubuhi inaanza saa 12, na Desemba hapa jua linachomoza karibu saa 2.

Nikiwauliza kwa nini mnataka kuja, wengi mnasema: nikaisaidie familia. Ni sababu njema, na mimi natuma hela nyumbani. Lakini nimeona watu wenye sababu hiyohiyo wakiacha mafunzo mwaka wa kwanza, kibali cha kuishi kikaingia mashakani. Hela ya kutuma unaweza kuitafuta popote, hata kwa kubeba boksi, bila kukesha na majina ya mifupa kwa Kijerumani. Siku ukifeli somo, wazo hilo litakujia. Ndiyo maana nasema utafute sababu inayokufunga na kazi yenyewe.

Yangu ni bibi aliyenilea Ifakara. Alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Tulimlisha, tulimwogesha, hakukosa mtu wa kukaa naye. Lakini alilala chali usiku na mchana, akatoka vidonda chini ya kiuno, na nyumbani wote tukaamini ugonjwa umezidi.

Huku mwalimu akatufundisha kumlaza mgonjwa kama huyo. Humgeuzi ubavu mzima. Unamwinua upande mmoja kidogo, nyuzi 30 hivi, unaweka mto nyuma ya mgongo, na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Unanyoosha shuka isibaki na mkunjo. Baada ya muda, kwa wengi saa mbili, unarudi unamgeuza tena. Kidonda kile kinaletwa na uzito wa mwili kubana nyama kwenye mfupa mpaka damu haipiti. Jamani, mito! Mito tulikuwa nayo! Nililia palepale darasani.

Kijerumani hakikulainika kwa sababu hiyo. Wazee wa hapa jimbo la Sachsen wakiongea lafudhi yao bado natoa macho. Ila tangu siku ile, nikishika kisigino cha mzee wa watu alfajiri, najua nafanya nini na kwa ajili ya nani. Hata mwezi ambao sina senti ya kutuma, sababu yangu iko palepale.

Ya kwako siijui. Pengine ni mdogo wako aliyezaliwa na ulemavu, pengine unapenda tu kujua mwili unavyofanya kazi, na hiyo inatosha kabisa. Itafute ukiwa bado kwenye kozi ya lugha hapo nyumbani, kabla hujauza kiwanja cha mzee.

Video ijayo nitawaonyesha hatua kwa hatua kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kwa mito na shuka za kawaida. Kama nyumbani kwenu kuna anayeuguza, mwiteni tuangalie wote.