Kompyuta Imegoma Baada ya Apdeti: Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Mazungumzo na wenye steshenari, makatibu muhtasi na walimu, Ngamiani, Tanga

Asalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Sogeeni jamani, viti vya mbele haviumi.

Kila fundi wa mji huu ameshaletewa kesi hii: "Jana ilikuwa nzima, usiku ikajiapdeti, asubuhi haiwaki." Na majibu ya mafundi wengi ni yaleyale, iache hapa tuipige Windows upya. Mimi nasema hapana, si mwanzo. Kwanza tujue imeishia wapi.

Ukibonyeza batani hakuna taa, hakuna feni, kimya, basi apdeti mara nyingi inasingiziwa. Angalia chaja, angalia soketi, angalia betri. Lakini ikionesha nembo halafu ikaganda, au vidoti vikazunguka bila mwisho, au kikaja kioo cha buluu, umeme unafika na tatizo umeshalikaribia: liko kwenye Windows au kwenye diski. Ikiwa ni kioo cheusi chenye mshale wa mausi peke yake, hapo Windows imeshawaka, kinachosumbua huwa ni draiva ya kioo, yaani programu ndogo inayokiendesha kioo. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift, kitufe cha Windows na herufi B. Draiva inaanza upya, na mara nyingine kazi imeishia hapo.

Halafu nyie wa steshenari, chomoeni vitu! Printa, skana, modemu, na hasa flashi ya mteja aliyekuja kuprinti akaisahau. Mashine inaweza kuwa inahangaika kuwaka kutoka kwenye hiyo flashi.

Sasa kwa nini apdeti iharibu? Mafaili ya mfumo hayabadiliki yakiwa kazini. Windows huyaweka tayari pembeni, ikasubiri uzime na kuwasha, ndipo ibadilishe. Umeme ukikatika hapo katikati, au diski ikiwa imejaa, au imechoka, unabaki na mfumo nusu mpya nusu wa zamani. Windows yenyewe hujaribu kurudi nyuma. Mtu anaona asilimia 30 imesimama nusu saa, anachoka, anakandamiza batani. Hapo ndipo anapoiua. Kwenye diski ngumu za zamani, zile zinazozunguka, shughuli hii inaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Tazama taa ya diski. Ikiwa inapepesa, nenda kaswali, nenda kanywe chai, iache.

Leteni hiyo laptopu hapa mezani. Mnaona? Nawasha. Nembo hiyo. Vidoti vimeanza. Nakandamiza batani, sijaachia, sijaachia... imezimika. Nawasha tena, vidoti, nakandamiza, imezimika. Najua nimetoka kukataza jambo hili dakika mbili zilizopita. Nimekataza kwa mashine inayoendelea na apdeti. Hii ni kwa ile iliyoshindikana kabisa. Nawasha mara ya tatu. Someni wenyewe kioo: "Preparing Automatic Repair". Ikishindwa kuwaka mfululizo, Windows inafungua yenyewe chumba cha matengenezo.

Humu ingia "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Watu wengi wanakimbilia "Startup Repair". Ijaribuni, haina madhara, ila baada ya apdeti mimi naanza na "Uninstall Updates". Ina milango miwili. "Quality update" ni zile za kila mwezi, ambazo Microsoft huzitoa Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa saa zetu ni usiku, ndiyo maana Jumatano asubuhi mafundi tunapata wageni. "Feature update" ni ile kubwa inayobadilisha toleo zima, na hiyo kwa kawaida ina siku 10 tu za kurudi nyuma, baada ya hapo mafaili ya zamani yanafutwa. Tanga tunajisifia waja leo waondoka leo. Basi apdeti iliyokuja jana nayo iondoke. Mafaili yako haiyagusi.

Ee, bi mkubwa pale nyuma? Inakuomba namba ndefu. Afadhali umeuliza, maana hili ndilo linaloliza watu. Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski. Laptopu nyingi za kisasa hujifunga zenyewe pindi unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wala hukuambiwa. Siku zote iko kimya, mpaka apdeti iguse mambo ya kuwaka. Julai 2024 apdeti ya mwezi ilifanya hivyo kwa baadhi ya kompyuta, na Microsoft wenyewe wakakiri. Inataka tarakimu 48. Chukua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft, sehemu ya vifaa, utaukuta ufunguo. Ila akaunti ya nani? Wengi mashine zilianzishwa na kijana wa dukani kwa akaunti yake! Mtafuteni kijana huyo leo, mashine zikiwa bado nzima. Ufunguo ukipotea, hata Microsoft hawawezi kukufungulia.

Na si kila kioo cha buluu ni kosa la Windows. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta takriban milioni 8.5 duniani zilianguka, viwanja vya ndege vikasimama, kisa faili moja la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Dawa ilikuwa kuingia kwa "Safe Mode", yaani kuiwasha Windows kwa vitu vya lazima tu, na kulifuta faili hilo, mashine moja baada ya nyingine, kwa mkono.

Kaka hapa anasema yeye atazifunga apdeti zote, moja kwa moja. Usifanye hivyo. Mashine ya steshenari inapokea flashi za mji mzima, ndiyo ya kwanza kuambukizwa. Kuna sehemu ya kuzisimamisha kwa muda, hadi wiki 5. Simamisha wiki moja, wenzako waonje kwanza, halafu ruhusu. Na uruhusu ukiwa na UPS, lile boksi la betri ya akiba, au laptopu ikiwa na chaji ya kutosha.

Tuseme yote yamegoma, fundi anasisitiza kupiga Windows upya. Mwambie asubiri, mafaili yatoke kwanza. Chomeka flashi au diski ya nje, rudi kwenye chumba kile cha matengenezo, fungua "Command Prompt", lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika neno notepad, bonyeza Enter. Linafunguka daftari la kawaida kabisa. Nenda "File", "Open", na pale chini ubadilishe ionyeshe aina zote za mafaili. Hilo dirisha dogo sasa ni mlango wa kompyuta yako. Herufi za diski huwa zinabadilika humo, C yako unaweza kuikuta imekuwa D, kwa hiyo tafuta iliyo na folda ya "Users". Ingia kwa jina lako, bofya kulia kwenye folda ya mitihani au ya ankara, nakili, nenda kwenye flashi, bandika. Dirisha halikuonyeshi asilimia, litaonekana kama limeganda. Limo kazini. Usilifunge mpaka litulie.